Kwa Baba Mkwe Aliyeishi kwa Kukata Kushoto

Mpendwa Baba mkwe,

Shikamoo. Hutaitikia, najua, na hata ulipokuwa kwetu Woolwich ulikuwa unasema "marahaba" kabla sijakuamkia, ukidhani hiyo ndiyo salamu yenyewe. Nimejaribu kukuandikia kwa Kiingereza nikaona naandika kama dereva anayetoa taarifa ya ajali: abiria alisimama, basi likafunga breki. Siyo hayo ninayotaka kukwambia. Nimerudi kwenye Kiswahili, lugha ambayo wewe ulijifunza maneno yake mawili matatu yakakutosha. Atakayeisoma barua hii na aisome. Wewe huwezi kuisoma, na mimi siwezi kunyamaza.

Shemeji, mwanao mkubwa, anasema siku hizi hujui ulikuwa nani. Basi kaa nikukumbushe. Ulikuwa dereva wa mashindano ya magari kule kusini mwa Marekani, yale magari ambayo kwa nje yanafanana na ya mtaani na kwa ndani yamechomolewa kila kitu, yanazunguka uwanja wenye umbo la yai mpaka mtazamaji apate kizunguzungu. Ulizaa wavulana wawili. Mkubwa ndiye aliye nawe huko, anakuja kukuona kwenye nyumba ya wazee. Mdogo alikuja London kusoma, akapanda basi ninaloendesha, akapitiliza kituo chake makusudi, akanioa. Mke wako alipofariki, mdogo akakuleta kwetu upumzike kidogo. Ndivyo ulivyofika.

Na ulipofika, mimi nilikukimbia.

Kwetu Tukuyu, sisi Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke anapiga kona migombani mpaka mzee apite. Wasiojua hudhani ni chuki, kumbe hiyo ndiyo heshima yenyewe. Wengi wa mjini wameiacha, na mimi nilijihesabu kati ya hao, mwanamke mzima ninayeendesha basi la ghorofa katikati ya London. Lakini siku ile niliposikia buti zako kwenye korido, miguu ilinipeleka jikoni bila kuniuliza, na mlango nikaufunga.

"Nimemkosea nini huyu?" ulimuuliza mwanao. Naye akakueleza kwa namna ambayo Mmarekani tu angeweza kueleza: kwamba nakuogopa. Nikakusikia unacheka upande wa pili wa ukuta. Ukasema watu wote waliowahi kukuogopa walikuwa nyuma yako kwa mzunguko mzima.

Nyumba yetu ni ndogo, Baba. Korido yake wakipishana watu wawili lazima mmoja arudi kinyumenyume. Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Nilikuwa nagonga sufuria kwa mwiko ujue napita. Chakula nilikuwa nakiweka mezani, nabisha kwenye ukuta, nakimbilia chumbani, ndipo unatoka kula. Siku moja nusura tukutane uso kwa uso, mimi natoka kwenye mashine ya kufulia, nikajifunika shuka lenye maji nikasimama pale kama mzuka, maji yananichuruzika mpaka kwenye soksi. Mjukuu wako Neema alicheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka. Ulirudi chumbani ukafikiri, na kesho yake ukaja na mpango.

Kabla ya kutoka mlangoni uliita, "Clear?"

Nami nikajibu kutoka jikoni, "Nyeupe."

Kwetu barabara isiyo na kitu tunaiita nyeupe. Neema akakutafsiria, ukalirudia neno lile kwa ulimi wako mzito, "Nyu-pe," na tangu hapo tukawa tunaishi bila kugongana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe jembe lako ulijitafutia mwenyewe: ulikaza bawaba za makabati yote, ukanyamazisha mlango wa choo uliokuwa unalia tangu tuhamie. Ukawa unapewa mbalaga, ndizi zetu za kupika, ukidai ni viazi vya Afrika, na hakuna aliyekubishia kwa sababu ulikuwa unamaliza sahani.

Mazungumzo yetu yote yalipita kwenye ukuta. Wewe umekaa kwenye kiti chako sebuleni, mimi jikoni namenya vitunguu, mlango umeegeshwa. Sijawahi kuongea na mtu kwa raha vile. Ulinisimulia ulivyoanza kwenye viwanja vya udongo, kwenye maonyesho ya wakulima, kwa gari ambalo wewe na kaka yako mliliokota kwenye vyuma chakavu, mlango umefungwa kwa mnyororo. Mama yenu alikuwa anaamini mnakwenda mazoezi ya kwaya. Mlikuwa mnarudi na vumbi puani na kumwambia kanisa linafanyiwa ukarabati.

"Watu wanacheka," uliniambia. "Wanasema ni kukata kushoto tu. Hata mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi anaweza."

Kisha ukanieleza hicho kinachoitwa kukata kushoto tu. Joto la ndani ya gari linalokausha mate. Shingo inayovutwa kwenda kulia saa nzima, na saa nyingine, mpaka ukishuka huwezi kuinyoosha kumbusu mkeo. Usukani ambao kwenye kasi ile huugeuzi, unauomba. Ukaniambia magari mawili yakifuatana pua kwa mkia yanakwenda kasi kuliko moja likiwa peke yake, kwa hiyo mtu anamsukuma mpinzani wake mbele ili naye asukumike.

"Kwa hiyo unamsaidia adui yako?"

"Mpaka mzunguko wa mwisho."

Nikakwambia hiyo kwetu inaitwa siasa. Ulikohoa kwa kicheko.

Mashindano makubwa ulishinda mara moja tu maishani mwako, na ushindi huo ulinisimulia mara nyingi. Mara mvua ilinyesha kabla ya kuanza, mara ilinyesha mwishoni. Mara uliyempita ni jamaa wa gari la njano, mara la bluu. Nilidhani unaongeza chumvi. Wazee wote huongeza chumvi, na mimi niliipenda chumvi yako. Mwanao ndiye aliyekuwa anaweka kijiko chini kila gari lilipobadilika rangi.

Siku nisizokuwa na zamu ya alfajiri ulikuwa unanisubiri kituoni chini ya nyumba yetu, kofia kichwani, ile ya kampuni ya soseji iliyokudhamini. Ulipanda basi langu, ukagusa kadi, ukatazama chini ili usinitazame. Hata Mwingereza mwenye adabu angejifunza mwaka mzima asiweze. Ukakaa kile kiti cha mbele upande wa mlango. Na hapo, Baba, nitakwambia jambo ambalo sikukwambia: kwenye kioo changu cha ndani nilikuwa nakuona. Uso wako niliujulia kwenye kioo cha basi. Nyusi zilizoungua zikaota kombo. Kovu la kidevuni. Macho yaliyokuwa yanasoma barabara kabla yangu, mguu wako wa kulia ukikanyaga breki ambayo haipo. Nilimpigia Mama Tukuyu nikamuuliza kama hilo nalo limekatazwa. Alifikiri sana. Akasema kioo si macho, lakini nisizoee.

Ulinipa mafunzo ambayo depo ya mabasi haikunipa. Tazama unapotaka kwenda, usitazame ukuta, kwa sababu gari linafuata macho. Nilikuwa nakusikia kupitia vitundu vya kile kioo kigumu kinachonitenga na abiria, nikikujibu kwa kutikisa kichwa kwa sababu dereva haruhusiwi kuongea. Na kiplefti je, unakumbuka? Tulipokaribia mzunguko wa pale kivukoni nilijisemea kwa Kiswahili, kama ninavyojisemea siku zote, kwamba kiplefti leo kimejaa. Wewe ulisikia *keep left*. Jioni uliniuliza, nikakueleza kuwa zamani kibao cha Kiingereza kiliwaamuru watu washike kushoto, nasi tukadhani ndilo jina la mzunguko. Ulifurahi kana kwamba nimekupa kombe. Ukasema umezunguka dunia kumbe nchi uliyokuwa unaitafuta ni Tanzania, ambako kukata kushoto ni mahali.

Lakini uliongeza jambo ambalo nililisikia nikalipuuza. Ukasema, "Ila hapa mnazunguka kinyume." Kwenye viwanja vyenu mnazunguka kushoto. Kwenye viplefti vya hapa, kama vya kwetu, basi linazunguka kulia. Ulisema kila tukiingia pale mikono yako inataka kuurudisha usukani kushoto.

Siku ambayo mvua ilizuia Neema asiende shule ya kuogelea, nilikuuliza kwa nini uliacha mashindano. Ulivuta kiti chako karibu na ukuta. Kisha ukanieleza habari za yule mtu wa juu ya paa.

Ukasema ndani ya gari dereva haoni pembeni. Kichwa kimefungwa, kioo ni kidogo, na kelele hazikuachii hata kuwaza. Kwa hiyo juu kabisa ya paa la jukwaa anasimama mtu na redio, nyinyi mnamwita spotter. Yeye ndiye macho yako. Anakwambia mpinzani yuko ndani yako, yuko nje yako, bado, bado, clear. Ukisikia clear unakata hapo hapo bila kutazama, kwa sababu kutazama ni kuchelewa. Wako ulikuwa naye karibu maisha yako yote ya kazi.

"Na uso wake je?" nikakuuliza.

"Kazini sijawahi kuuona. Sauti tu sikioni." Ukagonga ukuta. "Kama wewe."

Siku ya mwisho, mbele yako magari yaligongana, moshi ukafunga njia. Yeye kule juu aliona mwanya. Akakwambia pita juu, upande wa njia ulioinuka karibu na ukuta wa nje, nawe ukapita juu. Alikuwa sahihi. Ila neno lake likiwa bado hewani, gari moja lililokuwa chini liliteleza likapanda nalo juu, likakugonga. Hukumlaumu, wala hukulilaumu gari lile. Ulipozinduka, walikwambia alikuwa ameendelea kukuita kwenye redio muda wote wanakata mabati wakutoe, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya hiyo redio.

"Maskini yule," ulisema. "Alikuwa anaona kila kitu, na hana hata breki moja."

Nilisimama na kisu mkononi, vitunguu vimeniunguza macho. Mtu mwingine angekuonea huruma wewe. Mimi nilimwonea yeye, na bado namwonea.

Ile haikuwa ajali yako ya kwanza, ilikuwa ya mwisho tu. Zamani zile, ulisema, ukigonga ukuta daktari anakuuliza leo siku gani, ukipatia unarudi garini. Ulikuwa unamuuliza mkeo asubuhi siku gani, ukaikariri. Ukacheka. Mwanao hakucheka. Hospitali ya hapa walipokupiga picha za kichwa, daktari kijana alituonyesha na kutueleza kwa upole kwamba ubongo wako umechoshwa na mapigo, na kwamba hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kwenda. Nilimuuliza tufanye nini. Akasema tuwe naye. Nikamuuliza zaidi ya hapo. Akasema hapo ndipo penyewe.

Tulikuwa nawe. Tuliona unavyoondoka. Ulianza kuuliza "Clear?" nami nikajibu nyeupe, halafu hutoki. Unauliza tena. Najibu. Unasimama mlangoni umeshika fremu, unauliza tena, na sauti imeanza kuwa ya mtu aliyeko kwenye moshi. "He's asking again, Mum," Neema alikuwa ananiambia, mtoto wangu anayeelewa kila neno la Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Nilikuwa naacha chochote nilichoshika, nasimama nyuma ya mlango wa jikoni na kukuongoza: twende, mguu wa kulia, ukuta uko kushoto kwako, hakuna mtu, nyeupe, nyeupe. Ukawa unatembea kwa sauti yangu mpaka chooni. Mwanao akijaribu ulimwambia atoke kwenye redio. Uliniita "the girl," yule msichana, mimi mwenye mvi za pembeni. Nilijivuna, sitakuficha. Nilidhani sauti yangu itakushika usiende.

Kisha likaja lile la kwenye basi. Ulipanda kama siku zote, tukaingia kiplefti cha kivukoni, basi likakata kulia, nawe ukasimama ukapiga kelele kwamba tunakwenda kinyume, tutagongana na wote. Ulikuwa unapiga kioo changu kwa viganja. Mama mmoja akamkumbatia mtoto wake. Mimi mikono yangu iko kwenye usukani wa basi lenye watu chini na juu, kwenye mzunguko ambao huwezi kusimama katikati yake, na kwenye kioo cha ndani nauona uso wako umejaa hofu niliyokuwa sijaiona kwa mtu mzima. Nilisema nyeupe. Nilisema kwa nguvu zangu zote, Baba, na kioo kile na injini na kelele za watu vikaimeza sauti yangu. Nilipofika kituoni nikafungua mlango, ukashuka, ukakaa chini kwenye lami. Tangu siku ile hukupanda tena. Kazini hawakunilaumu. Heri wangenilaumu, ningepata wa kugombana naye.

Na ule muda wa viza yako ya matembezi ulikuwa umeshakwisha. Tulikuombea ubaki. Mimi mwenyewe enzi zangu nilipanga foleni Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, nazijua zile ngazi, lakini sikuwahi kuota kuwa nitazipanda tena kwa ajili ya Mmarekani. Jibu lilikuja kuwa una mtoto mwingine kwenu, na nchi yenu ina hospitali na nyumba za wazee, matunzo unaweza kuyapata huko. Mwanasheria alisema sheria ndivyo ilivyo. Hawakusema uongo hata neno moja, na hicho ndicho kilichonimaliza nguvu. Jirani yetu Mama Riziki, Mkongo wa Bukavu, unamkumbuka kwa zile sambusa, alisikia akaweka ndoo yake chini.

"Ata Mumerika banamukatalia? Sasa siye tutafanya je?"

Tulicheka sana, tukashikana mabega, halafu ikawa si kicheko tena.

Shemeji akaja kukuchukua. Uwanja wa ndege nilisimama nyuma ya nguzo, kama inavyotakiwa. Ulikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kofia yako kichwani, Neema amekushika mkono. Nikakutazama kisogo. Nikajiambia: mzee huyu anaondoka, harudi, na hajawahi kuiona sura ya mtu aliyempikia. Hajui kama nina mwanya. Mila ni ya watu wanaotarajia kukutana tena, nikajiambia. Nikatoka nyuma ya nguzo, nikazunguka kiti, nikapiga magoti mbele yako nikakutazama machoni.

Ulinitazama pia. Macho yako ni ya kijivu, kwenye kioo nilidhani ni ya bluu. Ukanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mhudumu wa ndege. Kisha ukamgeukia mwanao.

"Huyu mama ni nani?"

"Dad, it's her."

Ukatikisa kichwa. Ukaanza kutazama juu ya bega langu, kulia, kushoto, unatafuta. "Yule msichana yuko wapi?" ukauliza. "Where's the girl? Am I clear? Am I clear?"

Neno moja tu lilihitajika, na mdomo niliufungua. Sauti haikutoka. Ikatoka pumzi tupu. Mwanao akaniambia sema, Neema akaniambia say it, Mum, say it, nami nimepiga magoti pale nikifungua na kufunga mdomo, na wewe kila unavyozidi kuniona ndivyo unavyozidi kuogopa, unaegemea nyuma kwenye kiti unikwepe. Neema alijaribu kulisema yeye. Hukumsikia. Shemeji akasema jamani, ndege. Wakakusukuma. Nilikusikia unauliza mpaka ulipopita ule mlango wa ukaguzi, na baada ya hapo sijui uliendelea mpaka wapi.

Nimelifikiri jambo hili kwenye kila safari, kwenda na kurudi. Ningebaki nyuma ya nguzo, ningesema nyeupe kwa mbali, ungeondoka umetulia. Nilikuja mbele kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokunyang'anya mtu pekee uliyekuwa unamjua. Mwanao ananiambia usingemkumbuka yeyote hata hivyo. Ananiambia kwa wema. Hajui, na mimi sijui, na wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Nilimpigia Mama. Nilidhani atanigombeza.

"Gwe," akaniita kwa Kinyakyusa, "umemtazama?"

"Nimemtazama, Mama."

"Machoni?"

"Machoni."

Alivuta pumzi. Nilisikia kuku wake nyuma. "Basi ukwe umeisha hapo," akasema taratibu. "Mkwe hatazami. Na yeye hakukujua. Sasa mwanangu, wewe ni nani kwake?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli, na alisubiri jibu mpaka simu ikakatika.

Jumapili shemeji anakupigia video. Anaisimamisha simu mbele yako, na mimi huku naziba kamera kwa kidole gumba ili usiione tena ile sura, halafu naongea. Nakwambia nimepika nini. Nakwambia makabati yameanza kulegea tena. Miezi ya kwanza ulikuwa unageuza kichwa, unatafuta sauti inatoka ukuta gani, na shemeji alikuwa ananionyesha dole gumba kwamba umesikia. Siku hizi hugeuki. Muuguzi anasema unakula, unalala, huna maumivu, na hupendi tena kutoka mlangoni. Anasema umetulia. Nilitaka kumuuliza kama mtu aliyetulia na mtu aliyekata tamaa ya kujibiwa wanaonekana tofauti kwa macho. Sikuuliza. Angejibu nini, maskini? Neema majuzi aliniambia labda sasa tuache, maana hata mimi ninakuwa mgonjwa kila Jumatatu.  Jumapili iliyofuata nikaziba tena kamera.

Sina ninachoweza kukufanyia, Baba. Nimezunguka kote nimeona hivyo. Siwezi kukuleta, siwezi kukufuata nikabaki, siwezi kuyafuta macho yangu mbele yako pale uwanjani. Sala nimesali. Wauguzi wanakugeuza kitandani kwa mikono yao, na mimi mwenye haki ya kukupikia sina mkono wa kufika huko. Lala salama, wakikulaza. Kula ukipewa. Wakikuuliza leo siku gani, usijisumbue.

Nimekaa hapa kantini ya depo, zamu inakaribia, na jambo moja limebaki nalo limenishinda: sijui nitie sahihi nikiwa nani. Nikiandika mkwe wako, Tukuyu watasema huyo hatazami. Nikiandika binti yako, wewe utauliza ni binti yupi. Naandika lile tu ambalo hakuna anayeweza kulikana,

Mke wa mwanao.